Betri Mpya Kabla ya San Martino

12 Septemba, Jumanne

Ezio ameniletea daftari hili Jumapili. "Mama, andika kidogo kila siku," akasema, "akili nayo inataka mazoezi." Mwanangu anafanya kazi ofisi ya bima huko jijini Torino, kwa hiyo kila akitazamacho anakiona kimeshavunjika. Haya basi, naandika. Naitwa Delfina, nina miaka sabini na mmoja, nakaa Serre, mlimani, kijiji chenye nyumba nyingi na dohani mbili tu zinazotoa moshi: yangu na ya jirani yangu Secondo. Akili yangu haina tatizo. Mwenye tatizo ni skuta.

13 Septemba

Mvua. Skuta imekohoa, ikawaka.

14 Septemba

Mvua tena. Imekohoa, haikuwaka. Nimeshinda ndani nikishona soksi na kununa.

16 Septemba, Jumamosi

Leo nimeaibika mbele ya Borgo nzima, mji wetu wa bondeni.

Nimeshuka sokoni na uyoga wangu wa msituni. Umeisha mapema, nimekunywa kahawa, nimebishana na muuza jibini, mambo yote yamekwenda sawa. Wakati wa kurudi nabonyeza kitufe: tk. Nabonyeza tena: tk. Kupiga kiki siwezi, goti la kulia nimewekewa la chuma mwaka juzi na daktari ameniapisha. Basi la mlimani walishaliondoa. Secondo alikuwa juu na trekta lake. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa, helmeti mapajani, najifanya napunga upepo.

Ornella wa duka la spea, pale mkabala na kanisa, akaniona. Badala ya kuja kuniuliza nina shida gani, akampigia simu Ezio. Yule mwanamke ana mdomo mpana kuliko mlango wa duka lake. Ezio akaja mbio kutoka Torino, uso umempauka, akanikumbatia mbele za watu kana kwamba nimetolewa kisimani. Skuta tukaipandisha nyumbani ndani ya gari, imelala ubavu.

17 Septemba, Jumapili

Ezio amelala hapa. Asubuhi amekunywa maziwa yake, akafuta midomo, akaanza.

"Mama, San Martino utahamia kwetu."

San Martino, tarehe kumi na moja Novemba, ndiyo siku ya kuhama huku kwetu. Zamani mikataba ya mashamba iliisha siku hiyo, na mkulima aliyenyimwa shamba alipakia kitanda, kuku na watoto kwenye mkokoteni akaenda kutafuta bwana mwingine. Mama yangu alihamishwa hivyo akiwa msichana, na saa yao ya ukutani ikapotea njiani, akaililia mpaka uzeeni. Hadi leo ukitaka kusema fulani kahama, unasema kafanya San Martino. Mtoto kumtamkia mama yake neno hilo mezani ni kukosa adabu.

"Nihamie wapi? Ghorofa ya tano?"

"Kuna lifti."

"Na kuku wangu nao watapanda lifti?"

"Sitanii, mama. Jana nimekukuta kwenye ngazi pale kama mtu aliyesahauliwa. Ingekuwa Januari je? Ingekuwa katikati ya msitu, kwenye jalidi?"

"Betri ndiyo mbovu, Ezio. Mimi mzima."

"Betri tatu kwa miaka miwili, mama. Kila moja ulisema hiyo ndiyo mbovu."

Nikamwongezea maziwa. Tumebishana mpaka kengele ya misa. Mwisho akasema: "Sawa. Asubuhi ya San Martino nitakuwa hapa na gari la mizigo. Skuta ikiwaka yenyewe, bila kusukumwa, bila trekta la Secondo, ukashuka nayo mpaka Borgo, nitaondoka na gari tupu na sitalitaja tena jambo hili. Ikigoma, unapanda gari. Na betri nitakutumia mimi, ya kisasa, usije ukasema nimekuonea."

Nikampa mkono. Amenishika kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Nyumba hii nimeolewa ndani yake, nimezaa ndani yake, nimemfumba macho mume wangu Tonio ndani yake. Kuitoa kwa ajili ya kitufe kinachosema tk, hapana.

21 Septemba

Secondo amekuja kuazima msumeno. Ameshasikia. Akazunguka zunguka uani, akauliza, "Ukienda, Fina, kastanya zako ataokota nani?"

Kastanya ndizo kokwa zetu za kahawia zinazoanguka zimevaa miiba. Shamba langu limepakana na la Secondo na lina miti mizuri kuliko yake. Kumbe mzee ananipigia hesabu ningali hai. Nimemnyima msumeno.

25 Septemba

Kifurushi cha Ezio kimefika. Betri ya lithiamu, ndogo, nyepesi, inashikika kwa vidole viwili. Nilidhani wamesahau kuweka vitu ndani.

"Hiyo ni betri au sabuni?" akauliza Secondo, amekuja tena kwa msumeno.

"Ya kisasa."

"Trekta langu likiiona litaangua kicheko."

Hata hivyo amepiga magoti akanisaidia kuifunga. Inaelea ndani ya kisanduku cha skuta, tumeibana kwa matambara. Kichwa cha chanya kimekaa upande usio wake, waya tukauvuta mpaka ukakakamaa. Nimebonyeza. Imewaka kabla sijatoa kidole. Nimempa msumeno.

26 Septemba

Imewaka.

30 Septemba, Jumamosi

Imewaka, nimekwenda sokoni, nimerudi. Nimepita mbele ya duka la Ornella bila kugeuza shingo.

4 Oktoba

Kastanya zimeanza kuanguka. Mgongo, glavu, kikapu, mgongo.

7 Oktoba

Imewaka, lakini kwa kujivuta. Labda ni ukungu.

10 Oktoba

Nimewasha moto kwenye nyumba ya moshi. Ni kile kibanda cha mawe nyuma ya zizi: chini moto mdogo usio na ulimi, juu kastanya zimetandazwa kwenye fito, zinakaushwa polepole mpaka katikati ya Novemba. Moto wenyewe hauruhusiwi kuzimika wala kuchangamka. Tonio alikuwa akiulinda kuliko alivyonilinda mimi.

13 Oktoba

Jalidi ya kwanza, imekuja mapema. Bustani yote nyeupe. Skuta imewaka mara ya tatu, imenitoa jasho. Tonio alikuwa na dawa ya hili: betri ya trekta aliilaza kwenye nyumba ya moshi, kwenye kijirafu karibu na moto, na asubuhi trekta liliunguruma. Wanaume wote wa Serre walifanya hivyo. Nimeifungua betri jioni hii nikailaza palepale pa Tonio.

14 Oktoba, Jumamosi

Imevimba.

Nilikwenda kuichukua asubuhi, nikakuta ubavu umetuna kama mkate uliozidiwa hamira, na ina harufu tamu mbaya ya rangi ya kucha. Nimeitoa kwa koleo nikaiweka juu ya jiwe katikati ya ua, mbali na kila kitu. Kuku wamekuja kuitazama nikawafukuza. Kisha nimekaa kwenye gogo nikalia, sioni haya kuandika. Sikulia betri. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefanya kwa mikono yangu jambo ambalo Ezio angelisimulia Torino maisha yake yote: mama alioka betri.

Secondo amesimama getini. "Tonio alikuwa akiziweka pale," akasema.

"Najua Tonio alikuwa akiziweka wapi."

"Zile zilikuwa za asidi. Zile zilivumilia."

"Ungesema jana."

"Jana sikujua, Fina. Leo ndiyo najua."

Nimeingia ndani nikafunga mlango. Huyu mzee anangoja niondoke.

16 Oktoba, Jumatatu

Nitaandika yote, maana leo imekuwa siku kubwa.

Asubuhi nimevaa, nimefunga ile betri iliyovimba kwenye ndoo ya mchanga, ndoo nikaiweka miguuni, nikaisukuma skuta mpaka kwenye mteremko, nikapanda. Haina betri, haina injini, ina breki tu. Nimeserereka mpaka Borgo, kona zote, kimya kabisa, nikasimama mbele ya duka la Ornella bila hata kugusa ardhi kwa mguu. Kama nilikuwa nakwenda kujidhalilisha, nilitaka angalau kufika vizuri.

Ornella akatoka na kikombe cha kahawa. Akatazama ndoo, akatazama kisanduku kitupu.

"Bi Delfina, umefikaje bila betri?"

"Nimeserereka."

"Kutoka Serre?"

"Nitoke wapi tena?"

Akaweka kikombe chini. "Na siku nyingine, ukiwa na betri, unashukaje?"

"Hivyo hivyo. Nani anachoma petroli kwenye mteremko? Tonio alishuka hivyo, baba yake alishuka hivyo na baiskeli."

"Taa umewasha?"

"Msituni kuna giza, naendesha bila taa mimi?"

Akacheka, tena akacheka mpaka akaegemea mlango. Nikageuza skuta niondoke, basi akanishika mkono. "Subiri, mama yangu, sikucheki wewe. Nimekuuzia betri tatu na sikuwahi kukuuliza swali hilo, hiyo ni aibu yangu. Betri inajazwa na injini. Ukishuka injini imezimwa na taa inawaka, unainywa betri njia nzima. Unafika hapa, unaiamsha mara moja kwa nguvu iliyobaki, unapanda mlima polepole, haijashiba, kesho unainywa tena. Hata ningekupa betri ya lori ungeiua."

Miaka yote najisifu kwa kile kikombe cha petroli ninachookoa.

"Basi hata ile ya Ezio ilikuwa inakufa kabla sijaioka?"

"Umeioka?"

Ikabidi nimweleze nyumba ya moshi. Safari hii hakucheka. Aliibeba ndoo mwenyewe nyuma ya duka, akaiweka peke yake kwenye pipa la chuma, akarudi akanawa mikono. Kisha akafungua kaunta akaniambia niingie ndani, upande wa wauzaji. Sijawahi kukaa upande huo.

Akaweka betri tatu mbele yangu, zote za lithiamu. "Chagua."

"Nichague mimi? Muuzaji nani?"

"Utakayekaa nayo mlimani ni wewe."

Ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko zote, ya kupendeza, dada yake ile ya Ezio. Nimeigeuza nikatafuta alama ya kujumlisha. "Chanya iko upande mbaya," nikasema. "Waya utavutwa." Ornella akaitoa kwenye kaunta. Ya pili ilikuwa kubwa, ina nguvu za kukaa na akiba, moyo wangu ukaipenda. Akanipa rula. Tukatoka tukapima kisanduku: urefu sawa, upana sawa, kimo kimezidi, kifuniko kisingefunga, mvua ingeingia. Nimeirudisha mwenyewe, kwa uchungu.

Ya tatu haikuwa na sura. Chanya mahali pake, kimo kinatosha, inabakiza nafasi pembeni.

"Uliza sasa," akasema Ornella. "Wateja wote huuliza inakaa na chaji kiasi gani. Wewe uliza kingine."

Nikafikiri. "Kukiwa na jalidi, inasukuma?"

"Hilo ndilo swali." Akanionyesha namba ubavuni, ile ya nguvu ya kuamshia injini. Ya tatu ilikuwa na namba kubwa kuliko hata ile niliyoipenda. "Na ndani ina mlinzi. Ikiona inanyonywa mpaka mwisho, au inajazwa kupita kiasi, inajifunga yenyewe. Ile ya Ezio haikuwa naye. Lakini mlinzi hazuii moto, Bi Delfina. Hii isiione nyumba ya moshi hata kupitia dirishani."

Akaifunga, akawasha injini, akaweka kipimo kwenye vichwa vyake nikiwa nashika gesi. Volti kumi na nne na kitu kidogo. Alisema ingezidi kumi na nne na nusu asingeniuzia, kwa sababu kifaa cha kuchajia cha skuta kingeichoma kidogo kidogo. Kisha ile chaja yangu kuukuu ya kijani, ambayo Tonio alifufulia betri za trekta, akaniapisha nisiitumie. Siku hizi kila mtu ananiapisha.

"Na kwenye baridi," akasema nikiwa nimeshavaa helmeti, "washa taa kwanza, uiache inawaka kidogo, ndipo ubonyeze."

"Taa? Si inakula betri?"

"Fanya ninavyokuambia."

Nikamuuliza la mwisho, lililokuwa likinikereketa: kwa nini siku ile alimpigia Ezio badala ya kuja kwangu. Akakunja kitambaa chake. "Nilikuja, Bi Delfina. Nilisimama mbele yako nikakusalimia mara mbili. Ulikuwa unatetemeka, hukunisikia."

Sikulikumbuka hilo. Nimepanda mlima polepole, injini inanguruma, nikilifikiria njia yote.

17 Oktoba

Imewaka. Nafasi ya pembeni nimeijaza vipande vya vizibo vya chupa za divai. Secondo ameleta mfuko mzima, anavyo vingi kuliko inavyofaa kwa mtu anayedai hanywi.

18 Oktoba

Imewaka. Nimeshuka injini ikiwa hai. Kila kona kidole kilitaka kuizima.

21 Oktoba, Jumamosi

Imewaka, nimeuza kastanya mbichi zote. Nimempelekea Ornella kikapu, akanikaribisha upande wa ndani wa kaunta.

25 Oktoba

Kuokota. Imewaka.

28 Oktoba

Ezio amepiga simu. "Betri yangu inaendeleaje?" Nikasema betri inaendelea vizuri sana. Sikusema ipi.

2 Novemba

Siku ya wafu. Nimepanga kushuka makaburini kwa Tonio. Jalidi imeganda hadi ndani ya ndoo ya kuku. Nimebonyeza kitufe: ngrr, kimya. Nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote betri inapochoka: nikazima kila kitu, nikaiacha ipumzike, nikangoja. Nikabonyeza: ngrr, kimya. Nimempigia Ornella.

"Uliwasha taa?"

"Niwashe taa wakati betri imechoka?"

"Haijachoka. Imelala, imeshikwa na baridi. Ikitoa umeme inapata joto lake yenyewe kutoka ndani. Ile ya asidi kila ukibonyeza inadhoofika. Hii kila ukibonyeza inaamka. Washa taa, mama yangu, unywe kahawa, urudi."

Nimewasha taa, nimekunywa kahawa nimesimama dirishani, naitazama ile taa ya mbele kama mtu anayetazama pesa zake zikitupwa mtoni. Nimerudi. Mara ya kwanza ilisukuma kwa uzito. Ya pili ikawaka.

Nimemweleza Tonio yote pale kaburini. Nimemwambia habari ya kuserereka pia, kwa upole.

5 Novemba, Jumapili

Secondo amekuja jioni kabla jua halijazama, amevaa shati la misa. Nikajua amekuja kutaja shamba.

"Fina," akasema, "hiyo betri ikigoma Jumamosi, mimi naweza kuja saa kumi na moja alfajiri nikaipashe joto injini kwa maji ya moto. Ezio hatajua."

"Mkataba ni iwake yenyewe."

"Mkataba, mkataba." Akatazama dohani yangu. "Asubuhi nikiamka, kabla sijavaa viatu, naangalia kama hapo panatoka moshi. Pakitoka, navaa. Siku usipowasha mapema huwa sipati hata hamu ya chai."

Nimemtazama yule mzee, nikaona nimemsoma kinyume tangu Septemba. Si kastanya alizokuwa anazipigia hesabu. Nimemwekea ugali na jibini, akala sahani mbili, tukaongea habari za konokono.

8 Novemba

Imewaka kwa taa na kahawa.

9 Novemba

Imewaka. Redio inasema baridi kali inashuka.

10 Novemba, Ijumaa

Ezio amefika mchana na gari la mizigo la kukodi. Ameanza kupakia maboksi yangu ya sahani "ili kesho tusihangaike". Nimemwachia. Anabeba sahani za harusi yangu kwa uangalifu, kila moja kaizungushia gazeti, na mara nyingine anasimama nayo mkononi. Nilidhani ana haraka ya kuniondoa. Leo nimeona anaogopa, ndivyo alivyokuwa akisimama mlangoni akiwa mdogo nikichelewa kutoka msituni.

Mlango wa nyuma wa gari ameuacha wazi na taa ya ndani inawaka, ili aendelee kupakia baada ya chakula. Baada ya chakula amesinzia mezani, nikamwambia aende akaufunge mlango, taa itamaliza betri.

"Mama," akasema, macho yamefumba, "usiniletee habari za betri mimi."

Basi sikuleta.

11 Novemba, San Martino

Asubuhi nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya viatu. Maji ya birika la kunyweshea ng'ombe yameganda mpaka chini. Kumeshapambazuka, jua halijafika upande wetu. Ezio kasimama uani kajifunga skafu, Secondo kasimama getini na kofia mkononi, kuku hawataki kutoka. Skuta ipo chini ya kibaraza, kiti chake cheupe kwa jalidi.

Nimevaa helmeti, nimefuta kiti kwa kiwiko, nimeweka ufunguo. Nimewasha taa.

"Mama, zima taa," akasema Ezio.

Sikuzima.

"Mama, unamaliza betri. Zima hiyo taa, hata mtoto anajua."

"Secondo," nikasema, "kahawa iko jikoni. Mletee Ezio kikombe, na mimi kimoja."

Tumekunywa kahawa watatu, tumeizunguka skuta inayomulika ukuta. Ezio alikuwa akitazama ile taa, akinitazama mimi, na nikaona anaanza kunionea huruma. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko baridi.

Nikarudisha kikombe. Nikabonyeza. Ngrr, kimya.

Secondo akatazama chini. Ezio akapumua, akatoa mkono mfukoni anishike bega. "Basi, mama. Umejaribu."

"Ondoa mkono," nikasema. "Inaamka."

Nikabonyeza tena. Ngrr, ngrr, ngrr, nzito, halafu nyepesi, halafu ikashika. Ikawaka. Moshi ukatoka nyuma, sauti ikajaa ua mzima, kuku wakaanza kupiga kelele, na mimi nikapiga kelele kuwazidi, sijui nilisema nini. Secondo alikuwa ametupa kofia kwenye birika, ikaserereka juu ya barafu.

Ezio akacheka, akafuta macho kwa skafu, akasema, "Haya. Nitashusha maboksi." Mwanangu hutimiza neno lake, hilo nalisema mbele ya yeyote.

Ameshusha maboksi yote akayarudisha ndani. Halafu akapanda garini arudi Torino, akageuza ufunguo. Tk.

Akageuza tena. Tk. Taa ya ndani ilikuwa imeshakufa tangu sijui saa ngapi.

Nimeinamia dirisha lake. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikachagua machache. "Nilitaka kukuletea habari za betri, ukakataa."

"Mzee Secondo," akaita, "trekta lako lina kebo za kuunganishia?"

Secondo akajikuna shingo muda mrefu. "Kebo," akasema. "Kebo nilikuwa nazo. Zimepotea hizo."

Basi nikaenda kabatini, nikatoa helmeti ya Tonio, nikampa mwanangu.

"Mama, hapana."

"Mkataba unasema nishuke mpaka Borgo. Wewe unataka kufika Borgo. Panda."

Amepanda. Ni mzito, mwanangu, ofisi imemnenepesha, skuta ikaketi chini kabisa. Alinishika kiunoni kwa mikono miwili, na kwenye kona ya kwanza akasema polepole, mama, kwenye ya pili akasema kwa nguvu, mama, kwenye ya tatu akanyamaza akaegemea pamoja nami, kama tulivyokuwa tukifanya alipokuwa wa shule. Injini nimeiacha ikinguruma njia nzima. Taa ilimulika miti ya kastanya mmoja mmoja.

Borgo ilikuwa na soko, tena la San Martino, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Nimepita katikati yao polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuona. Muuza jibini akapaza sauti kutoka kibandani kwake: "Delfina, leo unafanya San Martino?"

"Nimeshafanya," nikajibu. "Nimemhamisha huyu."

Soko zima lilicheka, na Ezio nyuma yangu alicheka kuliko wote, nilimsikia mgongoni.

Ornella alikuwa mlangoni na kikombe chake. Akatutazama tunashuka, akaitazama helmeti ya Tonio juu ya kichwa cha mwanangu. Ezio akamweleza habari ya gari. Ornella akaingia, akarudi na betri mbili za gari, akaziweka kaunta, akamgeukia Ezio.

"Unachukua ipi?"

Ezio akavua helmeti, akasogea pembeni kunipisha.

"Muulize mama," akasema.

12 Novemba, Jumapili

Ezio ameondoka baada ya misa. Nimekwenda kwa Secondo kurudisha sufuria, nikaona kebo za kuunganishia zimening'inia nyuma ya mlango wa zizi lake, safi, zimekunjwa vizuri. Nimemwachia msumeno wangu, sasa ni wake.

13 Novemba

Jalidi. Imewaka.